Pickup inatetemeka ukifika 80 na tairi umeshabalansi? Lala chini uangalie propela

Mzee wa Splaini:

Wakuu salaam. Masika yakishaisha naanza kuletewa pickup zenye ugonjwa uleule. Mwenye gari ameshabalansi tairi, ikashindikana akapiga alaimenti, ikashindikana akanunua tairi mbili mpya za mbele, na mtetemo upo palepale, 75 mpaka 90. Mimi huwa sifungui boneti. Namuuliza: kabla haijaanza hivi, gari iliguswa wapi? Anafikiri kidogo, halafu anasema ilibadilishwa klachi. Au aliongeza springi nyuma apate kubeba zaidi. Hapo nusu ya kazi imeisha.

Klachi haibadilishwi bila kushusha propela, lile bomba refu linalozunguka chini ya gari likipeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu, yaani gia za kwenye ekseli ya nyuma. Springi nazo haziongezwi bila kuhamisha mkao wa difu. Propela imepangwa kwa jozi, krosi (kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu ikunjike) ya mbele na ya nyuma zikifutiana makosa, na ukiirudisha tofauti na ilivyokuwa itakudai kila ukipita 70, hata kama kila spea iliyomo imetoka kwenye boksi leo asubuhi. Uzi huu ni wa hilo.

Kabla ya kushika spana, jua kinachotetemeka ni kipi. Chukua tairi ya 265/65 R17, saizi ya pickup nyingi za kabini mbili. Mzingo wake ni kama mita 2.4. Ukiwa 80 gari inakwenda mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo tairi inazunguka mara 9 hivi kila sekunde. Difu ikiwa ya 4.1, propela inazunguka mara 4.1 kila tairi ikimaliza mzunguko mmoja. Piga hesabu: mara 37 kwa sekunde, zaidi ya 2,200 kwa dakika. Na krosi ikikaa kwenye pembe mbaya inasukuma mara mbili kwa kila mzunguko wa propela, yaani kama mara 75 kwa sekunde.

Mwili unazitofautisha hizo tatu bila kifaa chochote. Tairi inatikisa polepole, usukani unacheza mkononi au kiti kinakurusharusha. Propela ina mtetemo wa haraka usiohesabika. Unaupata kwenye sakafu chini ya visigino, na kwenye kioo cha kati taa za gari la nyuma zinakuwa ukungu. Pembe ya krosi utaisikia zaidi kuliko utakavyoihisi, ni mvumo unaojaza kabini na masikio yanachoka.

Sasa tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu. Nenda spidi ile inayosumbua ukiwa gia ya 5, halafu spidi ileile shuka gia ya 4. Injini imepandisha mizunguko, gari haijaongeza mwendo. Mtetemo ukibaki vilevile, injini na klachi ziache zipumzike, ugonjwa uko nyuma ya gia boksi. Kwa faida: manyuo (gia za mkono) nyingi za pickup, gia ya 4 ni moja kwa moja, kwa hiyo kile mshale wa mizunguko unachosoma ndicho propela inachozunguka.

Halafu tia frii uiache itembee yenyewe. Injini usiizime, utabaki na breki ngumu na usukani mgumu. Mtetemo ukiendelea kwenye frii, kuna kitu hakina balansi au kimepinda. Ukikatika pale tu mguu unapotoka kwenye mafuta, fikiria pembe, krosi au beringi ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu), kwa sababu difu ikivutwa pua yake hunyanyuka na pembe zote za propela zinabadilika.

Tairi usizisahau. Osha rimu kwa ndani! Tope la shamba likikauka ndani ya rimu linaitoa tairi kwenye balansi kuliko risasi yoyote atakayogonga mtu wa balansi. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Ugonjwa ukihama nazo, umeshaujua. Ukibaki pale ulipo, twende chini ya gari.


Nyundo Moja:

Siti ya mbele. Ila mzee, haya mambo ya mara 37 kwa sekunde ni ya vitabuni. Sisi tunashika propela, tunaitikisa, ikicheza tunabadili krosi. Imeisha hiyo.


Mzee wa Splaini:

Mkuu, kushika na kutikisa ni lazima, sijakataa. Tatizo ni krosi nzima iliyofungwa vibaya, hiyo ukiitikisa haichezi. Utabadili krosi nne na gari itaendelea kuvuma.

Haya, chini ya gari. Sehemu ya tambarare, handbreki juu, mawe au kabari kwenye tairi za mbele pande zote. Gia iwe frii. Ukitaka kuzungusha propela, inua nyuma, ekseli ikae juu ya stendi, ndipo uachie handbreki; jeki peke yake haiaminiki hata dakika moja.

Shika propela karibu na krosi, mkono mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, uzizungushe kinyume. Krosi isicheze hata kidogo. Ukihisi mchezo kwa mkono imeshapitiliza, maana kipimo chenyewe kwenye vitabu vya Toyota ni kama milimita 0.05. Tazama pembeni ya vikombe vya krosi. Ukiona unga mwekundu kama wa kutu umerushwa kwa duara, ndani kule grisi iliisha zamani na sindano za beringi zinasagika kavu.

Shika flanji ya pinioni, ile sahani ya bolti pale difu inapoanzia, itikise juu chini. Ikicheza, hiyo ni beringi ya pinioni, usijidanganye na propela. Kuzunguka kidogo kushoto kulia ni kawaida, meno ya difu yana nafasi yake.

Njoo kwenye senta beringi, ile inayoshikilia propela katikati, kwa wale wenye propela ya vipande viwili. Ingiza tindo, inua propela. Raba ikipasuka au ikiwa imelegea kama nyama ya ndani ya embe bovu, badili. Kisha pitisha mkono kwenye bomba lote la propela kuanzia mbele mpaka nyuma. Unatafuta mbonyeo wa jiwe, lami iliyoganda, kamba za viroba zilizojisokota (pickup za mazao hizi nimezikuta nazo sana, unakata kwa wembe na gari inapona hapohapo), na unatafuta vibati vya balansi. Ni vipande vidogo vya chuma vilivyochomelewa kwenye bomba. Ukiona pahali pana mraba safi wenye alama mbili za kuchomelea na kibati hakipo, umempata mwizi.


Mama Canter:

Naongezea kwenye handbreki, maana watu wataumia. Canter nyingi na malori mengine madogo handbreki yake iko nyuma ya gia boksi, inashika propela yenyewe. Ukishafungua propela handbreki haishiki kitu, na gia haishiki kitu. Niliona gari ikiondoka yenyewe na mtu yuko chini, Mungu alimsaidia. Mawe kwanza, tena makubwa.


Mzee wa Splaini:

Umesema kweli mama. Na hata kwenye pickup ambayo handbreki iko kwenye tairi za nyuma, propela ikishatoka zile gia hazizuii tena chochote.


Kabini Mbili:

Mkuu naomba msaada, mimi ndiye yule wa klachi. Niko Dodoma. Baada ya kubadili klachi gari inavuma kuanzia 60, ikifika 90 hata redio siisikii. Nimefanya hiyo ya gia ya 5 na ya 4, haibadiliki. Kwenye frii inapungua kidogo ila ipo. Fundi aliyefunga anasema krosi zote nzima, nimezishika mwenyewe kweli hazichezi. Senta beringi nzima.


Mzee wa Splaini:

Lala chini, usifungue kitu bado. Angalia kile kipande cha nyuma cha propela, kinachotoka senta beringi kwenda difu. Kina yoki mbili, moja kila mwisho, yaani ile mikono miwili inayokumbatia krosi. Hizo yoki zinatakiwa ziwe zimelala sambamba. Ukizungusha propela mpaka masikio ya yoki ya nyuma yaelekee kushoto na kulia, ya mbele nayo yawe kushoto na kulia. Niambie unaona nini.


Kabini Mbili:

Ya nyuma imelala. Ya mbele masikio yako juu na chini!


Mzee wa Splaini:

Pole, na hongera, maana dawa yake haina spea hata moja.

Nieleze kidogo kwa nini, hata Nyundo Moja apate kitu. Krosi ikifanya kazi kwenye pembe, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo ule ule wa upande wa kwanza. Unaharakisha na kupunguza, mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 6, ukiingiza mizunguko 2,000 kwa dakika, upande wa pili unapanda mpaka 2,011 na kushuka mpaka 1,989, unapanda na kushuka hivyo muda wote. Ikiwa digrii 10 inakwenda 2,031 na 1,970. Krosi ya nyuma yoki zikiwa sambamba inafanya kinyume chake: pale ya mbele inapoharakisha, yenyewe inapunguza, difu inapokea mwendo laini. Ni wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi mmoja unapanda wakati mwingine unashuka. Yoki zikikaa robo mzunguko kama za kwako, zote zinaharakisha pamoja na kupunguza pamoja. Kosa linajumlishwa badala ya kufutwa.

Waingereza huiita krosi hii kwa jina la Hooke, mwanasayansi wao wa karne ya 17. Wafaransa na Wajerumani humpa Cardano, Mtaliano wa karne iliyotangulia. Kwa hiyo jambo hili halikuanza na Hilux.

Ilivyotokea kwako: kwenye splaini, yale meno yanayoingiana na kuteleza, propela inatengana vipande viwili. Walioshusha walivuta, ikachomoka, wakairudisha ilivyowajia mkononi. Pengine hawakugonga alama. Fanya hivi:

Piga alama ya rangi kwenye flanji ya difu na flanji ya propela, zipitie zote mbili, ili urudi palepale. Fungua bolti nne za nyuma, shusha mwisho wa propela taratibu, usiiache ining'inie kwenye krosi. Chomoa splaini. Futa grisi chafu yote kwenye meno, ndani na nje, utafute alama za kiwandani: propela nyingi zina mishale miwili iliyogongwa, inatakiwa itazamane. Usipoiona, panga yoki kwa macho kwanza, halafu hakikisha kwa kuweka propela juu ya meza tambarare. Kuruka jino moja tu kunatosha kukurudisha kwenye mvumo. Paka grisi mpya, rudisha, funga kwa nati mpya kama za zamani zimeshakuwa zinaingia kwa vidole.


Nyundo Moja:

Mzee hii ya kinu nimeielewa. Kumbe ndiyo maana kuna gari moja ilinitoa jasho. Endelea.


Kabini Mbili:

Mkuu Mungu akubariki. Mishale ilikuwepo chini ya tope. Nimepanga, mvumo umekwisha kabisa mpaka 90! Sasa imebaki kitu kidogo 95 mpaka 105, mtetemo mwembamba kwenye sakafu, hata kwenye frii upo uleule.


Mzee wa Splaini:

Hiyo sasa ni balansi au kupinda, tofauti na ile ya kwanza. Ndiyo maana kwenye frii haibadiliki.

Kwanza upimaji. Nyuma juu ya stendi, gia frii, mtu azungushe propela kwa mkono polepole. Wenye dayal geji (saa ya kupimia kupinda) waiweke katikati ya bomba. Vitabu vingi vya Toyota vinakubali mpaka milimita 0.8, ikizidi hapo propela imepinda. Asiye nayo ashike chaki, mkono uegemee kitu kisichotikisika, asogeze mpaka chaki iguse bomba kidogo. Chaki ikichora duara zima, bomba limenyooka. Ikichora upande mmoja tu, hapo ndipo palipotoka nje. Bomba lililopinda peleka kwa wachonga vyuma wenye mashine ya kunyooshea na kubalansi propela, usiligonge kwa nyundo juu ya jiwe.

Kama limenyooka, jaribu kitu rahisi: flanji ya nyuma ina bolti nne, ifungue, zungusha propela nusu mzunguko, funga tena, katembee. Wakati mwingine uzito wa propela na kasoro ndogo ya flanji ya difu vilikuwa vimeangukia upande mmoja, ukigeuza vinafutana. Ikizidi kuwa mbaya, umejifunza kitu pia: rudisha ilipokuwa.


Molo Viazi:

Habari zenu mafundi. Mimi nabeba viazi kutoka Molo kuenda Nakuru na Nairobi. Huku karibu hakuna mashine ya kubalansi propela, mpaka Nairobi. Hakuna njia ya mtu wa jua kali? Na ya pili, gari ikianza kutoka asubuhi inalia kama ndege, cheu cheu cheu, ikishika mwendo inanyamaza. Nikirudisha nyuma inagonga "ko" moja.


Mzee wa Splaini:

Karibu sana ndugu. Nianze na ya ndege: hiyo ni krosi kavu, haina mjadala. Na ile "ko" ya kubadili mwelekeo ni hiyohiyo krosi imeshakula sindano, au meno ya splaini yamelika. Usiendelee kupakia viazi na krosi hiyo. Ikikatika ya mbele ukiwa mwendo, propela inachoma chini kwenye lami na kuinua gari.

Njia ya mtu wa jua kali ipo, inatumia klipu za paipu, zile za bomba la rejeta zenye skrubu. Kichwa cha skrubu ndicho uzito wako. Gawa bomba upande wa nyuma sehemu nne kwa chaki, ziandike 1, 2, 3, 4. Funga klipu moja, kichwa kikae kwenye 1, karibu na mwisho wa propela. Katembee barabara ileile, spidi ileile. Rudi, hamishia 2, katembee. Hivyo mpaka 4. Kuna namba moja mtetemo utapungua. Ukipungua lakini haujaisha, ongeza klipu ya pili hapohapo. Ikizidi, zitawanye hizo mbili, kila moja isogee kidogo upande wake kwa umbali sawa, mpaka upate mahali pazuri. Kisha kaza kabisa.

Usifanye hili gari ikiwa juu ya stendi huku injini inazungusha tairi na wewe uko chini. Wapo wanaofanya. Klipu ikifyatuka kwa mizunguko 2,500 inakuja kama risasi. Tumia barabara, taabu yake ni kulala na kuamka tu. Na hakikisha klipu haigusi bodi, bomba la breki wala waya wowote, hata propela ikipanda kwenye tuta.


Kabini Mbili:

Nimegeuza nusu mzunguko. Imepungua sana, nadhani asilimia kubwa. Klipu moja kwenye 3 imemaliza. 110 gari imetulia, mke wangu ameniuliza nimebadilisha gari.


Mkulima wa Mpunga:

Hongera mkuu. Mimi kesi yangu imekaa vingine, naomba msaada. Niko Mbarali. Pickup ya kabini moja, niliongeza springi mbili kila upande. Ikiwa na mzigo inatembea safi kama maji. Ikiwa tupu, ukiondoka tu gia ya 1 na ya 2 inatetema "gugugugu" mpaka 30 hivi, halafu inatulia, halafu inavuma tena 80. Yoki nimeangalia ziko sambamba.


Mzee wa Splaini:

Nilikuwa nakusubiri mkuu. Huu ndio ugonjwa wa pili niliousema mwanzo. Yoki kuwa sambamba ni nusu ya sharti. Nusu ya pili ni pembe za mbele na nyuma ziwe sawa. Umeinua bodi, propela imesimama zaidi, na difu nayo imegeuka kidogo juu ya springi. Ukipakia mpunga bodi inashuka, propela inalala, pembe zote zinakuwa ndogo kiasi kwamba hata zikitofautiana husikii.

Una simu yenye programu ya kupima mwinamo? Gari iwe tupu, tambarare, imekaa kwenye tairi zake, tairi zina upepo sawa. Pima vitu vitatu, vyote kwa kutazama ubavuni: kipande cha mbele cha propela, kipande cha nyuma, na flanji ya difu. Kwa flanji weka simu kwenye uso wake uliosimama, usome imeegemea kiasi gani kutoka wima. Andika na mwelekeo, mbele au nyuma ndiko kumeinama.


Mkulima wa Mpunga:

Kipande cha mbele kinashuka kuelekea nyuma digrii 3. Cha nyuma kinashuka digrii 9. Difu, pua yake imeangalia juu digrii 6.


Mzee wa Splaini:

Safi sana, umepima vizuri kuliko gereji nyingi. Krosi ya nyuma ya senta beringi inafanya kazi kwenye 9 toa 3, digrii 6. Krosi ya difu inafanya kazi kwenye 9 toa 6, digrii 3. Moja inavuruga kwa 6, nyingine inasawazisha kwa 3 tu. Unaobaki ndio "gugugugu" wako. Na ukikanyaga mafuta kuondoka, pua inanyanyuka zaidi, krosi ya difu inazidi kupungukiwa. Ndiyo maana gia ya 1 inakutesa.

Tunachotaka ni pembe hizo mbili zitofautiane digrii 1 au chini yake. Kwenye propela ya kutembea kasi ningependa zote ziwe 3 kushuka, lakini kwa gari iliyoongezwa springi hutafika huko bila kuziondoa. Zisiwe sifuri pia, krosi isipokunjika kabisa sindano hazizunguki, zinachimba mahali pamoja.

Unazo njia mbili. Ya kwanza, ondoa springi moja kila upande. Nakushauri uanze kwa kujiuliza kama kweli unabeba mzigo wa springi nne... breki na ekseli hazikuongezwa. Ya pili ni kabari, vipande vya chuma vyenye mteremko vinavyokaa kati ya springi na kikalio cha ekseli. Ukipata za digrii 2, pua inashuka kutoka 6 hadi 4, krosi ya difu inakuwa 5, ya mbele imebaki 6. Tofauti digrii 1, na ukikanyaga mafuta pua ikinyanyuka kidogo hutasikia kama sasa. Springi zako zikiwa juu ya ekseli, upande mnene wa kabari uelekee mbele. Zikiwa chini ya ekseli, upande mnene uelekee nyuma. Ukikosea hapa pua itapanda hadi digrii 8 na hutalala.

Kabari iwe ya chuma, za alumini zinasagika kwa njia zetu. Senta bolti ibadilishwe iwe ndefu zaidi, kichwa chake lazima kiingie kwenye tundu la ekseli. Yubolti mpya, zikazwe gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake, halafu uzikaze tena baada ya kutembea siku chache na mzigo. Tazama pia maunti ya gia boksi. Raba ikishabonyea, kipande cha mbele kinainama na hesabu yote inaharibika.


Nyundo Moja:

Nimekubali yaishe. Sasa hapo kwenye krosi yenyewe, wengi wetu tunatoa kwa nyundo. Kosa liko wapi?


Mzee wa Splaini:

Nyundo inapinda masikio ya yoki, na yoki ikifunguka nusu milimita kikombe kipya kitakaa legelege. Tumia vaisi kubwa na soketi mbili: ndogo upande mmoja isukume kikombe, kubwa upande wa pili ikipokee. Vaisi ishike yoki, isibane bomba. Safisha mifereji ya klipu kwa waya. Wakati wa kuingiza kipya, hakikisha hakuna sindano iliyoanguka chini ya kikombe. Ikianguka kikombe hakifiki mwisho na mtu anaanza kukigonga kwa hasira. Toyota wanazo klipu za unene tofauti, weka unene sawa pande zote mbili ili krosi ibaki katikati kabisa. Ikisogea upande mmoja umejitengenezea mtetemo mpya. Ukimaliza ikunje kwa mkono: iende laini kila upande, isikwame mahali. Ikikaza kidogo, gonga bega la yoki kwa nyundo ya plastiki, vikombe vitajiachia.

Senta beringi nayo, kabla ya kukaza bolti zake, bodi ya beringi isimame mraba na propela. Raba isivutwe mbele wala nyuma gari ikiwa tupu.


Mama Canter:

Swali la mwisho kutoka kwangu. Dukani wananipa krosi zenye chuchu ya grisi na zisizo na chuchu. Nichukue ipi? Na hiyo grisi kila baada ya muda gani?


Mzee wa Splaini:

Kwa vumbi na maji yetu, mama, chukua yenye chuchu, mradi kuna mtu wa kuipiga grisi. Ile iliyofungwa ni nzuri kwa gari ya lami ambayo haitakumbukwa. Nunua duka linalokuruhusu kuifungua boksi. Vua vikombe vya krosi, angalia kama vina sindano zote na raba zimekaa. Gari inayovuka maji au kulala kwenye tope, piga grisi kila ukifanya sevisi, na tena baada ya kuvuka maji marefu. Grisi ya lithiamu namba 2 inatosha. Unapiga mpaka grisi mpya itokee vikombe vyote vinne. Ikitokea vitatu tu, zungusha propela, nyanyua uzito kwenye hicho cha nne, piga tena. Kikikataa kabisa, hicho kimoja ndicho kitakachokuangusha njiani, kitoe ukikague.

Splaini nayo ina chuchu yake, ila hapo piga kidogo, mara mbili tatu za bomba. Ukijaza mpaka propela ianze kujisukuma mbele, grisi haina pa kutokea, na tuta la kwanza utakalopanda litaibamiza beringi ya gia boksi.